Msingoje Mpaka Aanze Skuli

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu wa Pujini, mlio karibu na njia ya kwendea Chake na mlioko chini kwenye mikoko. Wito huu ni wenu kwanza. Wenzetu wa Kengeja, Wambaa, Micheweni na kwengineko Pemba nao watausikia, kwa sababu jambo lenyewe halina shehia. Ni habari ya watoto wetu ambao bado hawajafika umri wa kuandikishwa skuli, wale tunaodhani hawajapata akili ya kuumia.

Kila mtaa una mtoto ambaye watu wakimtaja hupunguza sauti. Ana miaka minne na hajatamka neno. Au alishaacha kukojoa kitandani, baba na mama wakaachana, akaanza upya, na sasa nyumba nzima inamwita kikojozi. Au ni mtukutu kiasi kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani amemrudisha nyumbani mara mbili. Mama yake ukimuuliza anajibu upesi, "Ataacha tu akikua." Bibi anasema baba mtu naye alikuwa hivyo hivyo. Jirani anangoja mama aondoke, ndipo aseme kwamba haya ni mambo ya watu. Miaka inakwenda, mtoto anafika darasa la kwanza, mwalimu anamwona mzito, na hapo ndipo tunashtuka.

Ombi langu ni moja, na heri nilitoe mapema kabla sijawachosha: msingoje. Maradhi mengi ya akili tunayoyaona kwa watu wazima yalianza utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi ya maradhi hayo huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Mengine mizizi yake iko nyuma zaidi, kwenye tumbo la mama na katika miaka miwili mitatu ya mwanzo, wakati ubongo unakua kwa kasi ambayo hautaipata tena.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda kumfuata mumewe aliyepata kazi Kampala. Akaingia vijiji vya Waganda nje ya mji, yeye na mkalimani wake, akawa anakaa majumbani mwa watu kama saa mbili kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mingi. Familia zilikuwa 26, watoto wachanga 28. Hakuwa na mashine wala dawa, alikuwa akiangalia tu: mama akitoka mtoto anafanya nini, akirudi anampokeaje, ni nani anayeweza kumnyamazisha. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 ni katika misingi ya elimu yote ya leo kuhusu mtoto na mlezi wake. Aligundua kwamba mtoto aliye na uhakika na mama yake hashindi amemng'ang'ania. Humwacha akatambaa hadi mlangoni, akamshika kuku mkia, akageuka kumtazama mama kama yupo, kisha akaendelea na shughuli zake. Na akina mama wa watoto hao walikuwa na sifa moja: ukiwauliza habari za mtoto walikupa hadi vitu vidogo kabisa, anavyolala, kinachomchekesha, kinachomtisha. Walikuwa wamemsoma.

Ninalitaja hili kwa makusudi. Tumezoea kuambiwa kwamba kumzungumzisha mtoto mchanga ni uzungu. Kumbe sehemu ya msingi wa elimu hiyo ilijengwa majumbani mwa watu wa Afrika Mashariki, kwa akina mama waliokuwa na mashamba ya kulima na kuni za kuokota.

Tazameni nyumba zetu msimu wa karafuu. Jioni magunia yamemwagwa ukumbini, watu wamekaa duara wanachambua, karafuu huku na makonyo kule. Bibi anasimulia, shangazi anacheka. Kitoto cha miezi kumi kimekaa katikati, kinaokota konyo kinalitia mdomoni. Mtu anakiondolea na kukiambia, "Hapana, hiyo kali!" Kinamtazama aliyesema, hasa mdomo wake, kisha kinajaribu: "ka-ka." Watu wanacheka, wanamjibu "kali, eeh, kali," naye anarudia. Hakuna aliyekusudia kufundisha, lakini hilo la mtoto kutoa sauti na mkubwa kuijibu, kisha mtoto akarudia, ndilo linalomjenga kwenye kusema, kufikiri na kuamini kwamba duniani kuna mtu anayemsikia. Siku hizi mahali pa bibi pamekaa simu. Mtoto anapewa katuni anyamaze. Simu haimjibu akisema "ka-ka".

Sasa mtazameni mwengine kwenye duara hilo hilo. Ana miaka mitatu. Amejitenga pembeni, amekusanya makonyo na kuyapanga mstari mmoja, konyo kwa konyo, na mtu akisogeza moja anapiga kelele za kuumia kweli. Ukimwita jina hageuki, lakini pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anaisikia. Huyu si kiziwi, wala si mkaidi. Huenda ana usonji, hali iliyoelezwa na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943. Miaka mingi baada ya hapo wataalamu wa huko huko waliwatwika akina mama lawama, wakasema mtoto amekuwa hivyo kwa kuwa mama yake ni mkavu, hana mapenzi. Ikaja kubainika kwamba walisema uongo. Usonji mtoto huzaliwa nao, na sehemu kubwa ni ya nasaba. Ikiwa wasomi wenye vitabu vyao waliweza kumdhulumu mama kiasi hicho, sisi wa barazani tuogope zaidi. Mama wa mtoto kama huyu asiulizwe alikula nini akiwa mjamzito, alipita wapi magharibi, wala alimkosea nani. Lakini mtoto kuzaliwa na jambo hakufanyi malezi yasiwe na kazi. Akianza mapema kufundishwa kuomba kwa ishara, kucheza kwa zamu, kuzoea sauti na watu, hufika mbali kuliko aliyefichwa uani mpaka umri wa skuli.

Wengine tatizo lao lilianzia siku ya kuzaliwa, wakachelewa kulia. Wengine lilianzia kwenye degedege. Kilifi, huko kaskazini yetu kwenye pwani ya Kenya, watafiti wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria ya ubongo, na wakaona kwamba takriban mmoja katika kila wanne alibaki na athari: kusema, kukumbuka, kutulia, au viungo. Na ni huko huko Kilifi ambako Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya mtoto kwa kutumia vitu vinavyopatikana pale pale, badala ya kumpima mtoto wa pwani kwa vitu asivyopata kuviona. Kwa hiyo mtoto akikamatwa na degedege, saa ile ile ni ya hospitali. Kufukiza kunakula muda ambao ubongo wake hauna.

Kwetu Pemba nako yamefanyika mambo ambayo madaktari wa dunia nzima wanayasoma, nasi hatuyazungumzi hata kwenye kahawa. Watafiti akina Rebecca Stoltzfus, pamoja na wenzao wa Zanzibar, waliwachukua watoto zaidi ya 600 kisiwani humu, wa kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 5, na kwa mwaka mzima wakawa wanawapa baadhi yao madini ya chuma na baadhi dawa ya minyoo. Walipoanza, takriban kila mtoto alikuwa na upungufu wa damu, na vimelea vya malaria vilikuwa kwa karibu wote. Matokeo yalitoka mwaka 2001: waliopata madini ya chuma walisonga mbele zaidi katika kusema, na wale ambao damu yao ilikuwa chini mno walisonga mbele katika kutembea na kutumia viungo pia. Yule tuliyekuwa tukimwita mzito wa ulimi huenda alikuwa na damu ndogo.

Nisije nikawapeleka dukani lakini. Utafiti mwengine, hapa hapa Pemba, wa watoto zaidi ya 20,000, ulilazimika mwaka 2003 kusimamisha kuwapa watoto madini hayo, kwa sababu palipokuwa na malaria nyingi, waliopewa bila kupimwa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Taarifa yake ya mwaka 2006 ilitikisa miongozo ya ulimwengu. Kwa hiyo ukimwona mtoto viganja vimepauka, amelegea, anakula udongo, mpeleke akapimwe damu, na chupa ya dawa usijinunulie. Dagaa, kunde, mchicha, yai likipatikana, hivyo mpe bila ya kumuuliza mtu. Malaria yenyewe tumeipiga sana tangu mwaka huo wa 2003, kwa dawa mseto, vyandarua na kupiga dawa majumbani, hadi vijana wa leo hawaijui ile homa tuliyoizoea. Na haikupungua kwa sisi kungoja.

Nije kwenye nyumba zinazovunjika, maana hapa pana maumivu mengi yasiyosemwa. Huko Romania, serikali ilipoanguka mwaka 1989, ulimwengu uliwakuta watoto wengi mno wamewekwa kwenye majumba ya kulelea. Walikuwa wakilishwa na kuoshwa, ila hakukuwa na mtu wa kuwasemesha. Baadaye watafiti waliwafuatilia watoto 136 mjini Bucharest, nusu yao wakatafutiwa familia. Waliopata familia kabla ya kufika kama miaka miwili waliinuka zaidi kuliko waliochelewa. Pujini hatuna majumba ya namna hiyo, na Mwenyezi Mungu atuepushe nayo. Tulichonacho ni mtoto anayezungushwa: leo kwa bibi, mwezi ujao kwa mama mdogo Wete, halafu kwa baba na mke wake mpya Unguja, halafu huyoo anarudi. Bibi kumlea mjukuu hakuna ubaya wowote, na wengi wetu tumelelewa hivyo tukatoka watu. Ubaya uko kwenye mikono isiyotulia, kila anapomzoea mmoja anaondolewa. Wazazi wakigawana vyombo, mtoto wasimgawe. Na ikibidi aende, aambiwe, hata kama hasemi, na anayempokea aelezwe anavyolala na kinachomtisha.

La bakora nalisema nikijua litaniletea maneno. Samaki mkunje angali mbichi: methali hii tunaitoa fimbo ikiwa mkononi, tukasahau kwamba samaki mbichi hakunjwi kwa kupigwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009, uliofika Bara na Zanzibar, ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu walipata kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18, vipigo vya ngumi, mateke, mijeledi na mfano wake. Mtoto mdogo anayeishi na hofu mwili wake hukaa tayari kukimbia saa zote. Ukimfundisha hasikii, kwa sababu macho yake yanachungulia mkono utatokea upande gani. Tunamwita mtukutu, au mzito, tunamwongeza. Wageni huja Pujini kuangalia magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi yanasema aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome yake huku wakijiburura kwa makalio. Tunawasimulia kwa kicheko na fahari kidogo. Lakini sijasikia kwamba ukali ule ulimfundisha mtu chochote isipokuwa kumwombea mkali afe.

Dini yetu imetutosha katika hili. Mnakumbuka habari ya Aqra' bin Habis, aliyestaajabu kumwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Maimamu wetu wana hapo khutba nzima ya Ijumaa, na ninawaomba waitoe.

Kuna mama pia, ambaye tukimsahau tumepoteza maneno yetu bure. Baadhi ya wanawake wakishajifungua huingiwa na huzuni isiyoondoka. Hali, halali, analia bila sababu, mtoto akilia anamtazama kama wa jirani. Wanaokuja kumwangalia ndani ya arubaini wanasema ana jeuri, au kaingiwa. Hiyo ni sonona, ni maradhi, na inatibika. Mtoto aliyelala pembeni yake anaanza maisha akizungumza na mtu asiyejibu. Kwa hiyo wakunga na mama wakubwa mnaoingia chumbani na uji na maji ya moto, mwangalieni na usoni. Msimwache peke yake, na mumpeleke kituo cha afya pamoja na mtoto wake.

Akina baba, mnaokwenda dago mkakaa wiki nyingi baharini, na mlioko kwenye mashamba na maduka ya mbali. Simu mnazopiga nyumbani ni za kuulizia pesa zimefika. Mwambie mkeo amwekee mtoto simu sikioni, umwite jina, umchekeshe. Ukirudi, siku ya kwanza usiwe hakimu wa makosa yaliyofanyika ulipokuwa haupo. Mchukue mkono mwende pwani.

Kuhusu waganga na masheikh nitasema kidogo, kwa heshima, maana Pemba bila wao haisemwi. Mtoto kusomewa sina neno nalo, wala kombe la zafarani, na dua haijapata kugombana na kliniki. Ninachoomba ni kwamba mlango wenu uwe wa kupitia, usiwe wa kukaa. Mnaletewa mtoto aangukaye kifafa, au aliyekuwa akisema kisha akanyamaza: msomeeni, kisha mwambieni mama yake, kwa ulimi wenu anaouamini, "Kesho nenda Chake, hospitali." Neno hilo likitoka kwenu lina uzito kuliko likitoka kwangu mara mia.

Na Chake si mbali, ni kama kilomita 10 tu kutoka Pujini. Ila si lazima uanzie huko. Tangu mwaka 2019 Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, na sasa wahudumu wa kujitolea wa afya wako katika shehia zote, zaidi ya 2,000, wanaopita majumbani na simu zao mkononi kuwaangalia wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wetu wakija tunawajibu ya chanjo na uzito tukawaaga. Safari ijayo mkalisheni mhudumu. Mwambieni kama mtoto amefika miezi 6 na hacheki na mtu. Kama amefika mwaka na haitiki jina lake wala haoneshi kitu kwa mkono. Kama ana mwaka na nusu na hajatembea, au hana hata neno moja. Kama ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili. Na katika umri wowote, kama kulikuwa na kitu akikijua na sasa amekipoteza, hilo halingoji ziara ijayo. Vilevile mtoto ambaye hofu, hasira au huzuni yake imekaa wiki nyingi hadi halali na hachezi na wenzake.

Pengine utaambiwa mtoto hana tatizo. Alhamdulillahi, umepoteza nauli tu.

Bwana sheha, wewe nakuomba mambo mawili. Katika mkutano wa shehia, baada ya barabara na maji, liwekwe na hili, na azungumze mama mwenye mtoto wa namna hii akiwa yuko tayari, maana akisema mmoja hadharani wengine watano watatoka uani. La pili ni nauli. Kuna mama ambaye hajaenda Chake kwa sababu ya pesa ya gari tu, anaona haya kusema. Pujini huchangishana harusi na maiti ndani ya siku moja, na mfuko mdogo wa watoto hautushindi. Walimu wa vyuo na wa vituo vya watoto wadogo vya Tucheze Tujifunze, nyinyi mnawaona watoto kumi na tano kwa pamoja, mnajua nani hachezi na wenziwe. Mnapomrudisha mtoto nyumbani kwa utukutu, mfuateni hadi kwao mkazungumze na mzazi, asirudishwe na mtoto mwenzake na salamu za aibu.

Kama kuna mtoto anayepigwa vibaya au anayedhalilishwa, namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo, na anaweza kupiga jirani.

Ukienda kituo cha afya au Chake, chukua kadi ya kliniki, na mchukue yule anayekaa na mtoto kutwa, hata akiwa ni dada yake wa miaka 13, kwa sababu mengi atakayouliza daktari anayajua yeye kuliko wewe. Eleza alizaliwaje, alilia baada ya muda gani, alipata degedege lini, anakula nini, nani analala naye. Usione haya kutaja kwamba alishapelekwa kwa mganga. Na ukiambiwa rudi baada ya mwezi, rudi.